Orlinda na Ukuta wa Kaskazini

Orlinda Archuleta alikuwa akiogopa kuta. Hakuwahi kulisema jambo hilo mbele ya watu, maana katika kijiji cha Rincón Hondo, huko milimani kaskazini mwa New Mexico, mtu mzima anayeogopa kuta angechekwa mpaka ndani ya kanisa. Lakini walijua. Kila majira ya vuli walimwona, akishatoka kazini kwenye jiko la shule, anavyoizunguka nyumba ya mama yake akiwa na mwiko wa kupigia lipu mkononi. Anagonga kwa mpini, anatega sikio, anasogea kidogo, anagonga tena. Palipo na ufa, hata ule mwembamba kama unywele, aliuziba siku hiyohiyo, akaupaka rangi pasionekane kitu. Wakamwita daktari wa kuta. Aliyelianzisha jina hilo ni kaka yake mwenyewe, Epimenio, aliyekaa ng'ambo ya barabara na ambaye hakuweza kuona jambo lolote bila kulifanyia mzaha.

Hofu hiyo ilikuwa na mwanzo wake. Orlinda alipokuwa msichana mdogo, nyumba yote ilikuwa ya udongo: matofali mabichi yaliyokaushwa juani, na juu yake lipu ya udongo uliochanganywa na majani makavu ya ngano, ambayo wanawake waliikandika upya kila mwaka. Mwaka mmoja mama yake, Crucita, aliugua. Banda la nyuma halikukandikwa, na mvua zikaja kupita kiasi. Mdogo wake Orlinda, mtoto aliyeitwa Delfina, alikuwa amejibanza humo bandani kwa sababu walikuwa wanacheza mchezo wa kujificha, na Orlinda ndiye aliyekuwa anatafuta. Aliuona ukuta ukikunja magoti taratibu, karibu bila kelele, kama mtu aliyechoka. Walipomtoa Delfina alikuwa amekwisha kufa, na usoni hakuwa na hata mkwaruzo.

Baba yao, Tiburcio, alisema hakuna udongo utakaomwangukia mtu wake tena. Akaleta saruji. Akaivalisha nyumba nzima wavu wa waya, ule wa kufugia kuku, kisha akapiga lipu ya saruji kutoka paani mpaka ardhini, ngumu, uso wake laini, ikang'aa kama ganda la yai. Watu walikuja kuitazama, wengine wakaiga. Na alipokuwa anakaribia kuiaga dunia alimshika Orlinda mkono, akamwambia asiache ufa ukalala hata siku moja. Orlinda aliishika amri hiyo kuliko nyingine yoyote aliyopewa. Aliolewa, akafiwa na mume, akarudi nyumbani kumtunza mama yake, na muda wote huo hakuna ufa uliolala.

Kwa hiyo mambo yalipoanza, hakuelewa yanatokea wapi.

Ilikuwa kiangazi, ambacho huko milimani ni wakati ambapo mawingu hujikusanya kila mchana juu ya milima na kumwaga mvua kabla ya jioni. Kwanza aliona rangi imevimba malengelenge chini ya ukuta wa kaskazini, ule wa chumba alicholala mama yake. Akaikwangua, akapaka upya. Baada ya muda malengelenge yakarudi, na juu yake unga mweupe kama chumvi. Halafu chumba kikaanza kunuka. Haikuwa harufu ya uchafu, maana Orlinda alikisafisha kila asubuhi. Ilikuwa harufu ya kisima.

Mchana mmoja alikuwa anafagia chini ya kitanda aliposikia sauti ndani ya ukuta. Ilikuwa ndogo, kama mtu anayemimina mchanga kutoka kiganja kimoja kwenda kingine. Akasimama na ufagio wake. Sauti ikakoma. Akafagia, ikaanza tena, na sasa ilitokea chini zaidi, karibu na mto wa mama yake.

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia unafagia mahali palepale tangu niamke," Crucita alijibu.

Orlinda alitoka nje akauzunguka ukuta. Aligonga. Kuanzia usawa wa kiuno kushuka chini, mpini wa mwiko ulitoa mlio wa debe tupu. Alirudi nyuma hatua chache akautazama kwa pembeni, jicho moja amelifumba, na hapo akaona kwamba ukuta una tumbo. Si kubwa. Lilikuwa kama tumbo la mwanamke ambaye bado hajawaambia watu.

Akamwita Epimenio. Epimenio alikuja akitafuna, akaupiga ukuta ngumi, akaupiga tena.

"Hii ni saruji ya mzee," alisema. "Ingekuwa ya kuanguka, ingeanguka enzi zile mimi na wewe tuna meno yote."

"Kaka, una tumbo. Simama hapa utazame."

"Hata mimi nina tumbo, na sijaanguka. Dada, wewe ukisikia panya unaita zimamoto. Nenda kapumzike."

Orlinda angeweza kumlaumu, lakini alijua mwenyewe ni mara ngapi alimwita kaka yake kuja kutazama ufa ambao haukuwa kitu. Akabaki na hofu yake peke yake. Alimwomba mama yake ahamie chumba cha jikoni. Crucita, ambaye miguu yake ilikuwa imekataa kazi lakini ulimi ulikuwa bado unafanya zamu zote, alimwambia kwamba watoto wake wote aliwazalia katika chumba kile, na hatoki humo kwa sababu ya rangi iliyobabuka. Alisema watoto wake wote. Orlinda alielewa kwamba amemhesabu na Delfina.

Tangu siku hiyo chakula hakikupita. Alipika maharage na pilipili nyekundu, akamlisha mama yake, mwenyewe akakaa anaitazama sahani. Kazini aliangusha sufuria, na mlio wake ukamfanya akimbilie mlangoni kabla hajajua anakimbia nini. Alijua dawa yake ni moja: kuitoboa saruji na kutazama. Lakini mkono haukukubali. Akitoboa na kukuta ukuta mzima, atakuwa ameichana kazi ya baba yake kwa wazimu wake, na Epimenio atalisimulia mpaka wafe. Na akitoboa na kukuta kile kingine? Hapo mawazo yake yaligoma, akaanza kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Kilichomsukuma ni mlango. Asubuhi moja ya Jumamosi mlango wa chumba cha mama yake ulikataa kufunga. Jana yake ulifunga vizuri, leo ulikuwa unakwaruza juu, kwenye fremu. Orlinda aliutazama ule mkwaruzo mpya kwenye mbao, akaelewa kwamba kitu kilichoko juu ya mlango kimeshuka. Hakumwambia mama yake. Alichukua nyundo na tindo, akatoka nje, akapiga magoti kwenye majani mbele ya ukuta wa kaskazini. Pigo la kwanza lilimwangukia kidoleni.

Saruji ilikuwa ngumu kama siku ilipopigwa. Ilimchukua muda kupata kipande cha ukubwa wa sahani, na nyuma yake wavu wa waya ulikuwa umelika kwa kutu, ukakatika kwa vidole. Nyuma ya wavu hapakuwa na tofali. Ulitoka uji. Udongo mweusi, mwororo, wenye maji, ulitiririka taratibu kwenye tundu ukamlowesha magoti, ukanuka ile harufu ya kisima. Ulipokoma, Orlinda aliingiza mkono. Aliuingiza mpaka kiwiko, akapapasa kulia, akapapasa kushoto. Vidole havikugusa kitu. Ganda la saruji lilikuwa limesimama mbele ya shimo, na juu ya shimo hilo kulikuwa na matofali mengine, na juu ya hayo matofali magogo mazito ya msonobari yaliyobeba paa la nyumba. Na upande wa pili, karibu sana, mama yake alikuwa anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini.

Hakupiga kelele. Alivuka barabara akitembea, kwa sababu aliogopa kukimbia kungetikisa ardhi. Epimenio alimwona na udongo ule mpaka kiwikoni. Alikuja, akachuchumaa, akaingiza mkono wake mwenyewe tunduni. Orlinda alimtazama usoni. Ule uso ambao maisha yake yote ulikuwa na kicheko kimoja cha akiba, sasa haukuwa nacho.

"Mtoe mama," Epimenio alisema. "Mimi naleta nguzo za zizi tuegemeze magogo. Mtoe sasa hivi, dada."

Mawingu yalikuwa yamekwisha kuifunika milima. Radi ilinguruma mbali, na Orlinda aliusikia mngurumo huo kwenye nyayo.

Aliingia ndani. Alipita jikoni, akapita ukumbini, akafika kwenye mlango wa chumba cha mama yake, na hapo miguu ikagoma. Kitanda kilikuwa upande wa pili, kimebanwa ukutani kama kilivyokuwa siku zote. Crucita alikuwa ameketi juu yake na shali lake mabegani. Ukuta nyuma yake ulikuwa mweupe na msafi, na picha za watakatifu zilikuwa zimening'inia zote zikiwa zimeinama upande mmoja. Orlinda alijua anatakiwa kufanya nini. Hatua chache tu, amkumbatie, amvute, watoke. Lakini mwili haukuwa wake. Alikuwa mtoto, amesimama uani, na ukuta ulikuwa unakunja magoti. Alishika fremu ya mlango, akashindwa kuiachia. Sauti ya mchanga ilikuwa imeanza tena, na safari hii haikukoma.

Matone ya kwanza yaligonga kioo cha dirisha.

Crucita alimtazama binti yake. Alikuwa amejiandaa kugombana. Hilo lilionekana kwenye kidevu chake. Kisha kidevu kikashuka. Alimwona Orlinda jinsi alivyo, mwanamke mwenye mvi, ameshikilia mlango kama mtu anayezama.

"Unamwona Delfina," alisema.

Tangu siku ya mazishi hakuwahi kulitaja jina hilo. Orlinda aliitikia kwa kichwa.

"Njoo hapa, mwanangu. Usitazame ukuta. Nitazame mimi." Crucita alinyoosha mikono yake yote miwili, kama anavyoitwa mtoto anayejifunza kutembea. "Nitazame tu. Haya. Njoo."

Orlinda alimtazama. Aliyatazama macho ya mama yake, akaachia fremu, akatembea. Hakukumbuka baadaye alivyofika. Alikumbuka mikono ile mikavu ikimshika shingoni, na uzito wa mama yake, mdogo kuliko alivyodhani, na kwamba shali lilinasa kwenye kitanda naye akalivuta mpaka likachanika. Walivuka mlango. Walikuwa ukumbini, karibu na meza, waliposikia nyuma yao kitu kama pumzi ndefu ya mnyama mkubwa anayelala chini. Vumbi lenye unyevu liliwapita. Orlinda hakugeuka. Alimbeba mama yake mpaka nje, kwenye mvua, akaendelea kwenda mpaka uzio wa jirani ulipoizuia miguu yake.

Epimenio alikuwa upande wa kaskazini, ameegemeza nguzo moja na anahangaika na ya pili. Kwa nje hakuona kitu. Ganda la saruji lilikuwa limesimama vilevile, jeupe, na mtu aliyepita barabarani angesema nyumba ile ni madhubuti kuliko zote kijijini. Alidhani bado ana muda. Ni pale alipomwona Orlinda kwenye uzio na mama yao mikononi ndipo alipokwenda dirishani kuchungulia. Ukuta ulikuwa umemwagikia ndani. Kitanda hakikuonekana. Nguzo yake moja ilikuwa imebeba gogo moja, na gogo hilo ndilo lililozuia paa lisiufuate ukuta.

Alikuja akaketi kwenye tope karibu nao, akamshika mama yake mguu.

"Nimeloa," Crucita alisema. "Kama mmemaliza, mnipeleke ndani kwa Epimenio."

Siku zilizofuata watu walikuja bila kuitwa. Aliyewaongoza alikuwa Bersabé Quintana, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe, ambaye kila mwaka ndiye aliyewapanga wanawake wakati wa kulikandika kanisa. Waliegemeza paa lote, wakatoa udongo chumbani kwa machepe, kisha wakaanza kuibandua saruji ya Tiburcio kuta zote. Orlinda aliona kama nyumba inavuliwa nguo mbele za watu. Kuta nyingine zilikuwa nzima kwa sehemu kubwa, ila zote zilikuwa na unyevu chini, na mahali pengi mkono wa mtu uliweza kuchota.

Aliuliza maji yaliingilia wapi, wakati yeye hakuacha ufa hata mmoja.

Bersabé alimweleza huku anafanya kazi. Maji hayahitaji ufa. Yanapanda kutoka chini, yanashuka kutoka paani. Zamani yaliingia na kutoka, jua likiwaka ukuta unakauka wenyewe. Ulipovalishwa saruji, yaliingia yakakosa njia ya kutokea, yakakaa humo humo miaka na miaka yakiyala matofali.

"Na nyufa nilizoziba?" Orlinda aliuliza.

Bersabé alipiga nyundo mara kadhaa kabla ya kujibu. "Ulifanya ulichoambiwa na baba yako, naye alifanya kwa mapenzi. Niletee ndoo, mama, tusisimame."

Orlinda alileta ndoo. Lakini jioni ile, nyumbani kwa kaka yake, aliingia bafuni akafungua maji yatoe sauti, akakaa pembezoni mwa sinki akilia. Kila vuli, kwa mikono yake mwenyewe, alikuwa amekifunga kifo ndani ya ukuta na kukipaka rangi, mahali mama yake alipolaza kichwa.

Matofali mapya yalipokwisha kauka na ukuta kusimama, kulikuwa na ubishi. Epimenio alitaka saruji tena. Saruji nzuri zaidi, alisema, siku hizi zipo za kila aina. Nani ataweza kukandika udongo kila mwaka? Alisema kwa upole, kwa sababu tangu siku ile alikuwa akizungumza na dada yake kwa upole. Orlinda alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema hapana. Alisema udongo unamtisha kuliko kitu chochote duniani, lakini udongo ukiumwa unaonekana. Mvua ikiuchimba, unaona mahali ilipochimba. Hawezi tena kuishi karibu na kitu kinachoficha.

Ilikuwa rahisi kusema. Siku ya kukandika, wanawake walipokwisha kuuchanganya udongo na majani ya ngano na kuuacha ulale mpaka ukaiva, Bersabé alimwekea donge mkononi. Lilikuwa baridi na zito. Harufu yake ilimpanda puani, na mara moja akaziona nywele za Delfina jinsi zilivyokuwa zimejaa udongo wa namna hiyo, na mama yake akiziosha, akiziosha, ingawa hakukuwa tena na sababu. Aliliangusha donge, akaenda nyuma ya mti, akatapika.

Aliporudi, Crucita alikuwa amewekwa kwenye kiti kivulini. Asubuhi nzima alikuwa akiwatukana wanawake kwa kazi yao: huyu anapaka kama anayepaka siagi, yule mikono yake ni ya kuhesabia sadaka. Wanawake walicheka wakamrudishia. Lakini Orlinda alipokaribia, alinyamaza, akamwashiria ainame.

"Mimi pia niliogopa kuugusa," alimwambia sikioni. "Nilipona ugonjwa ule, na sikuweza. Ndiyo maana nilimwacha baba yako alete saruji. Nilijua si nzuri kwa nyumba, mama yangu aliniambia. Lakini sikuweza kuugusa tena." Akamwonyesha donge lililoanguka. "Wewe uguse."

Orlinda aliinama akaokota donge lake. Alilibandika ukutani, akalisukuma kwa kiganja kwenda juu, kama alivyoona wengine wanafanya. Sehemu ilishika, sehemu ilidondoka. Aliokota iliyodondoka. Machozi yalimtoka muda wote. Bersabé alisogea tu upande wake, wakawa wanakandika bega kwa bega mpaka jua lilipohamia upande wa pili wa nyumba.

Kiangazi kilichofuata Crucita alirudi chumbani kwake. Mvua kubwa ya kwanza ilikuja na mawe. Orlinda aliketi kwenye kiti karibu na mlango, uliokuwa wazi, mikono imekaza magoti, akiusikiliza udongo ukichapwa. Mama yake alilala usingizi tangu mwanzo hadi mwisho. Asubuhi Orlinda alitoka nje na moyo mkononi. Ukuta wa kaskazini ulikuwa umechorwa mifereji kutoka juu hadi chini, na chini yake udongo ulikuwa umejikusanya kama unga wa mkate uliokandwa. Aliingiza kidole kwenye mfereji mmoja. Ulikuwa na kina cha ukucha. Ndani yake, tofali lilikuwa kavu. Alikwenda akaleta maji, akauokota udongo uleule ulioanguka, akaukanda, akaurudisha mahali pake.

Crucita alifariki majira ya baridi ya mwaka mwingine, katika chumba hicho, kwa uzee tu. Orlinda bado anaishi katika nyumba ile, na mwanzoni mwa kila kiangazi huikandika pamoja na wanawake wenzake. Kanisa kwanza, kisha ya kwake. Hofu haijaondoka. Mvua ikizidi kuwa kubwa, huchukua mto wake na blanketi, akavuka barabara kwenda kulala kwa kaka yake, na akiulizwa na majirani huwaambia wazi kwamba aliogopa. Siku mawingu yanapojikusanya juu ya milima, Epimenio huacha mlango wa jiko lake bila komeo.